Lilikarabatiwa, lilihifadhiwa au lilirejeshwa?

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Natayarisha kipindi cha redio kuhusu majumba ya maonyesho ya Uingereza yaliyojengwa enzi za Malkia Victoria na mwanawe, Edward VII. Niliandika kwamba ukumbi wa Wilton's wa London "ulihifadhiwa" na kufunguliwa tena mwaka 2015. Mhariri wangu akabadilisha: "jumba la Wilton's lilikarabatiwa". Kwingine kote akaweka "karabati", hata pale niliposema "kurejesha". Je, maneno haya hayana tofauti? Na ukumbi na jumba ni kitu kimoja? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Tofauti ipo, tena kubwa, na kwa kipindi kama chako huwezi kuikwepa.

Kukarabati ni kukifanya kitu kilichochakaa au kuharibika kifae tena kwa kazi yake. Ndiyo maana tunakarabati barabara, choo cha shule, uwanja wa mpira. Hakuna anayeuliza kama lami mpya inafanana na ya zamani, mradi magari yapite. Neno hili limezoeleka mno kwenye vyombo vya habari, na mhariri wako hakukosea Kiswahili. Shida ni kwamba "karabati" haimwambii msikilizaji chochote kuhusu sura ya jengo baada ya mafundi kuondoka, na kwa majengo haya sura ndiyo iliyogombaniwa.

Tuuchukue huo huo Wilton's. Ulijengwa mwaka 1859 nyuma ya safu ya nyumba za kawaida katika kichochoro kiitwacho Graces Alley, mashariki mwa London. Watu walikunywa na kusikiliza waimbaji humo humo. Kuanzia mwaka 1888 hadi 1956 Wamethodisti waliufanya kituo cha misheni, kisha ukawa ghala la matambara, na katika miaka ya 1960 uliponea chupuchupu kubomolewa. Kazi iliyokamilika mwaka 2015 iliuacha ukiwa imara na salama, lakini kuta zilibaki na rangi zilizobanduka na plasta yenye mabaka, na zile nguzo nyembamba za chuma zilizosokotwa zimeendelea kubeba roshani kama zamani. Waliziba, wakaimarisha, wakakataa kuupamba upya. Hapo "ulihifadhiwa" ni neno lako halali, na ningekuwa mimi nisingekubali lifutwe.

Lakini usidhani kuhifadhi ni kutogusa. Jumba la maonyesho lililo ndani ya Alexandra Palace, kaskazini mwa London, lilifunguliwa mwaka 1875, likakaa takriban miaka 80 bila hadhira, likafunguliwa tena mwaka 2018. Dari na kuta ziliimarishwa kwa kazi nzito, huku mapambo yaliyofifia yakiachwa yaonekane yalivyokutwa. Sentensi ya kweli hapo inahitaji vitenzi viwili: lilikarabatiwa kwa namna ya kuhifadhi sura iliyokutwa. Ni ndefu kidogo kwa redio, najua.

Kurejesha ni habari nyingine. Hackney Empire, jumba la maonyesho la London na kazi ya msanifu Frank Matcham, ilipita mikono mingi: studio ya televisheni, kisha ukumbi wa bingo. Kuba za udongo wa kuchoma zilizopamba sehemu ya mbele ziliondolewa kabisa, halafu zikaja kuwekwa tena. Kilichokuwa kimetoweka kimerudi: huko ni kurejesha. Ukisema kuba "zilihifadhiwa" utakuwa umesema uongo, na ukisema "zilikarabatiwa" msikilizaji atadhani hazikuwahi kutoka mahali pake.

Ila kitenzi hiki kina mtego. "Kuba zilirejeshwa" inaeleweka. "Jumba lilirejeshwa" inamfanya mtu aulize: kwa nani? Serikali ilikuwa imelitaifisha? Kurejesha hudai mahali pa kufikia, kama tunavyorejesha mkopo benki au kitabu maktaba. Kwa hiyo kamilisha: lilirejeshwa katika hali yake ya mwaka 1901, au mapambo yake ya awali yalirejeshwa. Watafsiri wengi hupasahau hapa, na makala nzima hunuka tafsiri.

Kuna mfano mmoja ambao ningekuomba uutumie kipindini, kwa sababu unaonyesha vitenzi hivi vinavyohitajiana. Dari za majumba haya, zile zenye nakshi za maua na vikerubi, aghalabu hazikuchongwa kwenye jiwe wala mbao. Ni jasi iliyomiminwa kwenye kalibu, ikatiwa kitambaa cha gunia na fito za mbao ili ishikamane, kisha ikaning'inizwa kwenye boriti kwa vifungo vya gunia lililochovywa katika jasi hiyo hiyo. Ni ufundi mwepesi, wa haraka, na ukitazama kutoka chini huwezi kujua. Desemba 2013, onyesho likiendelea, kipande cha dari ya jumba la maonyesho la Apollo, London, kiliporomoka na watu zaidi ya 70 wakaumia. Vile vifungo vya gunia, vya tangu mwaka 1901, vilikuwa vimechoka. Nakshi ilikuwa imehifadhiwa vizuri, kilichoishikilia hakikukarabatiwa. Tangu hapo ukaguzi wa vifungo hivyo juu ya dari umepewa uzito ambao haukuwapo.

Kuhusu ukumbi na jumba: ukumbi ni mahali watu wanapoketi au kukusanyika, jumba ni jengo zima. Wilton's, uliofichwa nyuma ya nyumba nyingine, unafaa kabisa kuitwa ukumbi. London Coliseum ya mwaka 1904, nayo ya Matcham, ni jumba. Kuiita ukumbi ni kuipunja. Tofauti hii ina maana hata ya kiusalama. Moto wa Theatre Royal ya Exeter, mwaka 1887, uliua watu zaidi ya 180, wengi wao kutoka viti vya juu kabisa vya bei nafuu, waliokwama kwenye ngazi. Ukisimulia habari za ngazi, milango na njia za kutokea, unazungumzia jumba. Ukisimulia roshani, unarudi ukumbini. Neno roshani, kwa njia, linatosha kabisa. Wasomaji wa Zanzibar wanalijua tangu utotoni. Matcham alizijenga roshani zake kwa mihimili ya chuma iliyoshikiliwa upande mmoja tu, hivyo nguzo hazikuhitajika na aliyekaa nyuma aliona jukwaa lote. Sema "roshani zisizo na nguzo" na picha inakuja yenyewe.

Nakutahadharisha pia na "ya Kivictoria", ambayo naona katika rasimu yako umeitumia sehemu kadhaa kwa majengo yote. Malkia alifariki Januari 1901. Apollo ilifunguliwa Februari, Hackney Empire mwishoni mwa mwaka huo huo. Zote mbili ni za enzi ya Edward VII, hata kama michoro ilianza mama yake akiwa hai. Na usiziite "kuukuu". Hilo tunalisema kwa nguo na viatu. "Kongwe" ndilo neno, kama tunavyosema Mji Mkongwe.

Mpelekee mhariri sentensi hii muone kama mtaafikiana: "Ukumbi wa Wilton's, uliojengwa mwaka 1859, ulikarabatiwa bila kuondolewa alama za umri wake, ukafunguliwa tena mwaka 2015." Neno lake limo, na maana yako imebaki.