Rubani wa jeti anaanzaje na kidege cha propela?

SWALI: Shikamoo mzee. Kijana wangu amechaguliwa kusomea urubani jeshini, na ameambiwa ataanza na ndege ndogo ya propela. Jirani yangu anacheka, eti vita vya leo ni vya jeti, hicho cha kuzungusha panga kitamfunza nini? – Mama wa Voi

JIBU: Marahaba, mama. Huyo jirani apunguze kicheko. Mimi nilikuwa fundi wa Bulldog, kidege cha propela cha kufunzia marubani, pale kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, Nairobi. Kenya ilianza kuzipokea mwaka 1972, zikachukua nafasi ya Chipmunk, ndege ya mafunzo ya zamani zaidi. Injini yake ni Lycoming ya nguvu farasi 200, lakini Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na hewa ni nyepesi. Ukipata 170 ushukuru.

Sasa, hilo panga analolicheka ndilo mwalimu. Ukiongeza moto ili upae, ndege inavuta kushoto, kwa sababu upepo wa propela unajisokota mwilini mwake na kuupiga mkia ubavuni. Mwanafunzi asipokanyaga pedali ya kulia kwa kipimo, anauacha mstari wa katikati. Wiki za kwanza za kozi tulikuwa tunasimama kando kuwatazama wakienda mbio kama walevi wanaotoka kwa mama pima! Jeti haivuti hivyo. Aliyeanzia huko miguu yake hulala.

Kwenye Chipmunk mkufunzi na mwanafunzi walikaa mmoja nyuma ya mwenzake. Kwenye Bulldog wanakaa bega kwa bega, kwa hiyo mkufunzi anamwona kijana anavyoishika stiki kama anayenyonga kuku. Na mafuta? Lita 40 hivi kwa saa. F-5, jeti ya kivita, ikiwasha moto wa nyuma wa kuongeza nguvu inazimaliza hizo kabla dakika haijaisha.

Kazi iliyonichosha ilikuwa kupekua chini ya viti baada ya masomo ya kubingirika angani. Kalamu, sarafu, siku moja kipande cha mhogo wa kukaanga. Kitu kidogo kikinasa kwenye pedali ndege haigeuki, kwa hiyo kalamu ikipotea ndege hairuki mpaka ionekane. Nimewahi kung'oa sakafu nzima usiku kwa ajili ya penseli, na mwenyewe alikuja kuikuta mfukoni.

Mwambie kijana afunge zipu za mifuko yote kabla ya kupanda.