Laki sita na nusu: nina uwezo au ni kapuku?

Mkuu uliyeuliza kama mwenye laki saba kwa mwezi ahesabiwe ana uwezo au bado ni kapuku, nakujibu kwa yaliyonikuta.

Natunza stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Dar, mshahara laki sita na nusu. Wenzangu ofisini wanakuja na magari, mimi nagombania daladala Mbagala. Miaka yote nilijihesabu maskini, na ushahidi ninao: ikifika tarehe 20 nakula kwa mkopo wa mangi, yule mwenye duka la mtaani.

Kilichonifumbua macho ni mkaa. Mpangaji mwenzangu, mama anayechoma vitumbua, ananunua wa kopo, asubuhi na jioni. Mimi nanunua gunia. Jumapili moja nimekaa barazani sina la kufanya, nikayapigia hesabu makopo yake ya mwezi. Yalizidi bei ya gunia, na mkaa wenyewe haukufika gunia! Mafuta ya kupikia nayo anapimiwa kwenye kifuko, mimi nabeba dumu. Sukari yake robo. Yaani mwenye kipato kidogo ndiye anayenunua kwa bei ghali, kwa kuwa hajawahi kuishika hela ya gunia zima kwa mpigo.

Utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini yake. Nauli yangu na bando tu vinafika hapo. (Najua, bei zimepanda tangu wakati ule, msinirukie.)

Halafu lile deni la mangi. Yule mama aliomba kilo mbili za unga mbele yangu, akajibiwa "leo taslimu". Mimi sijamaliza hata kusema, daftari limeshafunguliwa, maana anajua mshahara utaingia. Kumbe nilichokuwa nakiita umaskini wangu, mwenzangu anakitafuta hakipati: kukopesheka.

Siku hizi tunachangia gunia, yeye ananilipa kidogo kidogo. Mwezi uliopita alichelewa siku nne, nikanuna, salamu naitikia kwa shingo upande. Siku nne, mkuu. Na daftari langu kwa mangi lilikuwa na wiki mbili.