Betri za spika ya kuitia koyote: acheni kuzikausha

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Idaho, Marekani, nawinda koyote (mnyama wa jamii ya mbwa mwitu) kwa spika ya kuitia wanyama inayotumia betri 8 za AA za kuchaji. Zamani zilinitosha asubuhi nzima. Sasa dakika 40 tu sauti inakatika, hasa nikiongeza volyumu. Rafiki kaniambia zimeshika "kumbukumbu", yaani zimezoea kuchajiwa kabla hazijaisha na sasa hazitoi chaji yote, niiache spika ilie usiku kucha mpaka izime yenyewe, kisha nizichaji saa 24. Nimefanya hivyo mara 3 na hali imezidi. Nifanyeje?

JIBU: Acha leo hii, ndugu yangu. Dawa hiyo ndiyo inayoziua, na kila majira ya baridi swali ni hilihili.

Kumbukumbu ni habari ya zile betri za zamani za nikeli-kadimiamu, na hata huko ilitokea kwa nadra. Kama zako zimeandikwa NiMH (nikeli-metali hidridi, aina ya siku hizi), hazina haja ya kukaushwa, yaani kumalizwa chaji yote. Humo ndani ya spika zimepangwa kwa mfululizo, umeme uleule unazipitia zote 8, na hazilingani nguvu hata zikiwa mpya. Ile dhaifu ikiisha, 7 zilizobaki huendelea kuupitisha umeme ndani yake kwa nguvu mpaka chanya yake igeuke hasi. Gesi inajaa, valvu inaachia, majimaji ya ndani yanapungua, na yakitoka hayarudi. Halafu unaiweka saa 24 kwenye chaja isiyojizima: hata ikiwa inatoa mA 200 tu, umeisukumia mAh 4,800 betri ya mAh 2,000 (mA ni ukubwa wa umeme unaopita, mAh ni kiasi cha chaji ambacho betri inabeba). Ziada yote hiyo ni joto la kuikausha zaidi. Ndiyo maana volyumu ikipanda sauti inakatika: betri iliyokauka majimaji yake huangusha volti mara spika inapodai umeme mwingi.

Ziandike namba 1 hadi 8. Zichaji zijae, tumia spika mpaka sauti ianze kukatika, zima papo hapo, kisha pima kila moja kwa mita ya volti. Nzima zitasoma volti 1.2 hivi, iliyoachwa mbali na wenzake, 1.0 au chini, ndiyo mbovu. Usibadilishe hiyo moja tu, maana mpya kati ya nzee huleta tofauti ileile. Nunua 8 za aina moja kwa siku moja, na chaja inayochaji kila betri peke yake na kujizima, mA 500 hadi 1,000. Ukirudi porini zitoe kwenye spika, na zikiwa baridi kama barafu zisubiri zipate joto la chumbani kabla ya kuzichaji.

Wengine wataziangalia hizo na kushauri uzianike juani, kama betri za redio kule nyumbani. Usithubutu, joto huzifupishia maisha. Wabaya zaidi ni wauzaji. AA ya NiMH iliyoandikwa mAh 4,000 ni uongo mtupu, ya kweli haizidi sana 2,700. Tena zipo za lithiamu zenye umbo lilelile la AA, lakini volti 3.7. Ukipanga 8 unapata karibu volti 30 kwenye spika iliyotengenezwa kwa 12, na saketi inaungua. Soma ubavuni kabla ya kulipa: iandikwe NiMH, volti 1.2. Ukiona 3.7, iache hapo hapo dukani.