Petroli ya "nguvu" haitaponya IST inayogonga

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, naishi Mwanza. Nikipanda kilima cha Bugando na abiria wanne, injini inagonga. Jamaa ameniambia petroli ya kawaida ni dhaifu kwa magari ya Kijapani, nitafute yenye oktani kubwa au nimimine chupa ya kuongeza oktani kila nikijaza tenki. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba. Usinunue yoyote kati ya hizo.

Kila wiki naletewa swali hili, na nyuma yake kuna imani ileile kwamba oktani ni nguvu. Si nguvu. Ni namba ya kustahimili mbano: petroli iliyochanganyika na hewa ibanwe kiasi gani kabla haijajilipukia yenyewe bila kungoja plagi. Kulipuka huko ovyo ndiko kugonga unakokusikia. Injini isiyohitaji oktani kubwa, hata ukiipa 98, haitakimbia zaidi.

Gari lako liliundwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani, ambayo viwango vyao vinaitaka isipungue oktani 89. Petroli halali ya sheli zetu inavuka hapo. Ungekuwa na Subaru Forester ya tabo ningekujibu vingine, maana Wajapani wenyewe huiwekea daraja lao la juu, 96 kwenda mbele. Na ukikuta mtu wa Marekani anasifia 87, usishangae. Hesabu yao ni tofauti, 87 yao ni kama 91 au 92 kwa kipimo chetu.

Sasa mbona inagonga? Ama mafuta yamechakachuliwa, ama injini inaumwa.

Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, na yakichanganywa kwenye petroli injini hulalamika mlimani kwanza. Ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili mchanganyaji asione faida. Dondosha tone la petroli yako kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi. Ikibaki doa la mafuta, ishuku, badilisha sheli, na siku zote dai risiti, kwa sababu bila risiti malalamiko yako hayana miguu.

Karatasi ikikauka safi, fungua plagi. Za bandia au zisizo za namba yake hugongesha injini. Halafu angalia joto: rejeta iliyoziba, themostati iliyokwama. Kisha nozeli chafu zinazopitisha petroli kidogo, na masizi yaliyoganda juu ya pistoni. Wakati unasubiri fundi, mlimani zima O/D (ovadraivu, kitufe cha kwenye gia) ili gia ishuke, injini isielemewe.

Hizo chupa ndizo zinazonikera. Baadhi zina madini ya chuma. Nikifungua plagi za gari lililonyweshwa dawa hiyo, nakuta kauri yake imepakwa utando mwekundu kama vumbi la tofali. Utando huo hupitisha umeme, cheche inapotea, gari linaanza kumisi, na mwenye gari anaambiwa aongeze chupa nyingine! Wengine wanatia vidonge vya nafthalini, vile vya kufukuzia nondo kabatini. Vinayeyuka, ndiyo, lakini vinaweza kuganda tena na kuziba filta na nozeli.

Mbaya kuliko zote ni "mafuta ya ndege" yanayouzwa kwa kificho kwenye madumu. Ndege kubwa za abiria hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, kwa hiyo unalipia uchakachuaji kwa bei ya juu. Ndege ndogo za pistoni hutumia petroli ya oktani 100 kweli, ila nyingi yake ina risasi (madini ya ledi), ileile iliyoondolewa kwenye petroli ya magari yetu kufikia 2006. Risasi inaua sensa ya oksijeni na masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi), na masega yakishapakwa risasi hayasafishiki, yanabadilishwa. Anayekuuzia dumu hilo hatakuwepo siku taa ya injini itakapowaka, na moshi wake wanauvuta watoto wako.