Kutoka udiwani hadi bunge la jimbo: kwa mnaotaka kugombea hapa Maine

Ndugu zetu waliopata uraia juzi juzi, hapa Portland na kule Lewiston, huniuliza sana wakitaka kuingia bunge la jimbo waanzie wapi. Wengi ni Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, watu wenye akili na uchungu na jamii yao. Jibu langu ni lile lile: anzia baraza la mji wako, na ukae huko mpaka uelewe pesa zinavyotembea.

Katiba ya jimbo la Maine yenyewe inakusukuma huko. Mbunge wa jimbo lazima awe raia wa Marekani kwa miaka 5, awe na umri wa miaka 21, awe ameishi Maine mwaka mmoja na ndani ya eneo lake la uchaguzi miezi 3 kabla ya kura. Kwa hiyo uliyeapa mwaka jana bado una muda wa kusubiri. Usiupoteze.

Mtazameni Deqa Dhalac. Alizaliwa Mogadishu, hapa akafanya kazi ya ustawi wa jamii, na mwaka 2018 akachaguliwa diwani wa South Portland. Desemba 2021 madiwani wenzake wakampa umeya, akawa meya wa kwanza Mmarekani mwenye asili ya Somalia. Mwaka uliofuata akachaguliwa kwenda Augusta, makao makuu ya jimbo, katika Baraza la Wawakilishi la Maine. Watu wetu wanaukumbuka umeya na kupiga picha nao. Mimi nawaomba muiangalie ile miaka ya udiwani iliyotangulia. South Portland ina madiwani 7, na meya wanamchagua wao kwa wao kwa mwaka mmoja mmoja. Kazi za kila siku ziko mikononi mwa meneja wa jiji aliyeajiriwa. Meya wa namna hiyo haamrishi mtu. Amefika pale kwa sababu wenzake waliomjua kwenye vikao virefu vya usiku walimwamini. Hicho ndicho kipimo, na ndicho utakachohitaji Augusta, ambako utakuwa mmoja kati ya wawakilishi 151, na baraza la pili, Seneti, lina maseneta 35.

Sasa nirudi kwenye pesa, maana hapa ndipo diwani mzoefu anapomzidi mgombea mgeni. Ule msaada wa kodi ya nyumba na chakula ambao wengi wetu tuliupokea tulipofika, General Assistance, unatolewa na ofisi ya mji. Jimbo linaurudishia mji asilimia 70. Asilimia 30 inayobaki inalipwa na wenye nyumba wa mji huo kupitia kodi ya majengo. Mnakumbuka mwaka 2019, mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walipofika Portland kwa wakati mmoja na vitanda vikatandikwa ndani ya uwanja wa mpira wa kikapu wa Expo. Mji ulipokea watu. Kanuni za malipo ziliandikwa Augusta. Na kanuni za vibali vya kazi ziliandikwa Washington. Diwani aliyeketi na hesabu hizo anajua mlango upi wa kubisha kwa jambo lipi. Asiyejua atamlaumu meya kwa kosa la bunge.

Nimekuwa mkalimani kwenye vikao vya kamati za bunge la jimbo, na huko ndiko nilikojifunza zaidi. Maine ina desturi nzuri sana: mswada ukipelekwa kamatini, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuja kusema, kwa kawaida dakika 3. Mama mmoja alikuja na karatasi nne za historia yake. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini tukapunguza: anaishi mji gani, alikuwa akifanya kazi gani, mswada utabadilisha nini nyumbani kwake. Mjumbe mmoja kutoka kaskazini, eneo la mashamba ya viazi, akamuuliza kwa nini haendi tu kazini. Mama akajibu kwa utulivu kwamba sheria ya Marekani haimpi mwomba hifadhi kibali cha kazi mpaka siku 180 zipite tangu apeleke maombi. Yule mjumbe akaandika. Kwa dakika hizo 3 mama alifanya kazi ambayo hotuba zetu nyingi za mikutano hazijaifanya.

Mkiingia bungeni, jiandaeni kwa jambo linalowavunja moyo wengi. Mswada wako unaweza kupita mabaraza yote mawili na bado usiwe sheria. Ukiwa unahitaji pesa, unawekwa kwenye kinachoitwa meza ya matumizi ya Seneti, unasubiri kamati ya fedha iamue kipi kitapata na kipi hakitapata. Miswada mingi mizuri hufia hapo. Aliyetoka kwenye udiwani, akiwa amezoea kupigania kila dola ya bajeti ya mji, huanza kuzungumza na wajumbe wa kamati ya fedha tangu Januari, si Juni.

Kugombea kwenyewe si kugumu kama mnavyodhani. Eneo la mwakilishi mmoja lina watu wapatao 9,000. Nyumba kwa nyumba unalimaliza. Kwa mgombea wa chama, saini 25 za wanachama wa eneo lake zinamwingiza kwenye kura ya mchujo. Na ukikusanya michango 60 ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura wa eneo lako, mfuko wa umma wa kampeni unakugharamia. Kigumu ni kazi: bunge ni la muda, malipo ni madogo, na vikao vinakula siku za katikati ya wiki. Zungumza na mwajiri na mwenzi wako kabla ya kuchukua fomu.

Mwaka wa fedha wa miji yetu huanza Julai 1, kwa hiyo bajeti hujadiliwa majira ya kuchipua. Kitabu chake kiko kwenye tovuti ya mji. Kitafute, uone mstari wa General Assistance, linganisha na mwaka uliopita, kisha nenda kikaoni ukaulize kwa nini umebadilika.