Uzi Mpya Umeingia Dukani: Maswali Yenu na Majibu ya Shangazi

Kila msimu madukani yakiingia madonge mapya ya uzi maswali yanamiminika, na safari hii wengi wenu mmeuliza rangi gani inaenda na rangi gani. Hayo nitayajibu siku nyingine jamani. Leo nimechagua yale ambayo mtu akiyajua mapema anaokoa wiki nzima za kazi yake, na mtaona mara nyingi nawarudisha kwenye lebo, ile karatasi inayozungushiwa donge, maana karibu kila kitu kipo pale na watu wanaichana wanaitupa kabla hata ya kuanzisha vitanzi.

Shikamoo shangazi. Nimefuma sweta kwa ule uzi mpya wa merino wa supawoshi, laini ajabu. Siku ya kwanza ilinikaa vizuri mno, nikaifua nikaianika kwenye kamba, saivi inafika mapajani na mikono inafunika vidole. Je uzi ni feki?

Marahaba mwanangu, na pole sana, sweta ni kazi kubwa. Uzi wako sio feki. Merino ni sufu, yaani manyoya ya kondoo. Unywele wa kondoo ukiuangalia kwa hadubini una magamba madogo madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa, na hayo magamba ndo yanafanya sufu ya kawaida ishikane yenyewe kwa yenyewe, na ndo maana pia ukiifua kwa maji ya moto huku unaifikicha inajikunja, inakuwa nene na ndogo na hairudi tena. Sasa kiwandani wakitaka sufu iweze kuingia mashine ya kufulia wanayalainisha yale magamba, mara nyingi kwa klorini, halafu wanaupaka unywele utando mwembamba wa plastiki, na hiyo ndo supawoshi. Uzi unatoka unateleza, unang'aa, unashika rangi vizuri sana, na hicho ndo kinatufanya tuupende. Lakini vitanzi navyo vinateleza. Ukiulowesha unabeba maji mengi, ukiutundika kwenye kamba uzito wa maji unavuta kila kitanzi kwenda chini na hakuna cha kukizuia.

Cha kufanya sasa, ifue tena, usiikamue kwa kuisokota, ikunje ndani ya taulo kavu uikanyage taratibu mpaka taulo linyonye maji, halafu ilaze juu ya meza au kitanda na uisukume kwa mikono irudi kwenye vipimo vyako, upana kwanza halafu urefu, iache hapo hapo mpaka ikauke kabisa. Kama lebo inaruhusu mashine ya kukaushia, dakika chache za moto mdogo zinasaidia kuirudisha, ila uwe unaitoa kuangalia, usiende kulala. Kisha chukua sindano ya kroshia, pita kwa ndani kwenye mshono wa mabega na shingo ya nyuma ukivuta kidogo, ule mstari wa kroshia unabeba uzito wa sweta nzima na mabega hayalegei tena. Ikibaki ndefu bado, fumua ukingo wa chini peke yake uufume upya juu zaidi, sio lazima uvunje kazi yote.

Na kwa inayofuata, fuma sampuli. Najua mmechoka kusikia, lakini sampuli ya supawoshi ambayo haijafuliwa haikuambii chochote. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue vile vile utakavyofua sweta, kikaushe, ndo uhesabu vitanzi kwenye sentimita 10 za katikati, usihesabu pembeni maana pembeni kunadanganya. Tuseme paterni, yaani yale maelekezo ya kufuma unayofuata, inataka vitanzi 22 kwa sentimita 10 na wewe umepata 20, unaona ni viwili tu, si kitu. Sasa chukua sweta ya kifua cha sentimita 100, ina vitanzi 220, kwa mkono wako hivyo vitanzi 220 vinatoa sentimita 110, yaani umejifumia saizi ya mtu mwingine kabisa. Shuka sindano moja, kama ulitumia milimita 4 jaribu 3.75 au 3.5, ufume tena sampuli.

Shangazi habari. Paterni yangu inasema madonge 10 ya gramu 50. Nimepata uzi mpya mzuri wa gramu 50 hizo hizo, nikanunua 10, na nimeishiwa nikiwa kwenye mkono wa pili. Imekuwaje na gramu ni zile zile?

Gramu ni uzito mpenzi, na wewe unafuma urefu. Angalia lebo, pembeni ya gramu kuna mita. Ule uzi wa kwenye paterni labda ulikuwa na mita 120 kwa donge, kwahiyo 10 ni mita 1200. Kama huu wako una mita 90, gawanya 1200 kwa 90 unapata 13 na kitu, maana yake madonge 14. Pamba hasa inawakamata watu hapa kwa sababu ni nzito kuliko sufu, donge la uzito ule ule na unene ule ule linakuwa na mita chache. Na kama unageuza kazi ya kufuma kwa sindano mbili kuwa ya kroshia, ongeza tena, kroshia inakula uzi zaidi.

Sasa ukirudi dukani kuongeza angalia namba ya loti, ile inayoandikwa karibu na namba ya rangi. Namba ya rangi inakwambia ni bluu gani, namba ya loti inakwambia ilichovywa kwenye pipa lipi la rangi. Bluu mbili za loti tofauti ukizishika dukani unaweza usione tofauti kabisa, ukifuma zikakutana kifuani mwa sweta unaona mstari kama umekatwa na kisu. Ukikosa loti yako, usiunge donge jipya moja kwa moja. Fumua mkono wa pili kidogo, na wa kwanza kama roho inakuruhusu, halafu fuma mistari miwili kwa uzi wa zamani na miwili kwa mpya, ukipokezana hivyo jicho linachanganya rangi lenyewe na hakuna atakayejua. Na hata uzi uliopakwa rangi kwa mikono, wenye loti moja, mimi nashauri upokezane hivyo hivyo kwa sababu donge na donge havifanani.

Natarajia mjukuu. Nimeona uzi wa moheri umetoka, mwepesi kama hewa. Nimfumie kofia na kisweta?

Hongera sana mama! Moheri hapana, naomba umwache. Unatoka kwa mbuzi wa Angora na uzuri wake ni ule unyoya unaosimama juu ya kazi, sasa ule unyoya unachomoka, mtoto mchanga anashika kila kitu anapeleka mdomoni na puani. Mfumie kwa pamba, au merino laini ya kufulika kwa mashine, au akriliki nzuri, kwa sababu nguo ya mtoto itafuliwa kila kukicha na mzazi aliyechoka hatakumbuka kwamba hii inafuliwa kwa mkono. Usifume matundu makubwa ya urembo, vidole vinaingia vinanasa. Kamba za shingoni usiweke, vifungo shona kwa nguvu au uache kabisa ufanye kisweta cha kupishanisha mbele. Na kabla hujaamua, weka donge shingoni kwako au ndani ya kiwiko ulisugue kidogo. Mikono ya mfumaji imezoea, haisikii muwasho, shingo inasikia.

Skafu yangu inajikunja pembeni inakuwa kama bomba. Nimeipiga pasi ikalala, lakini imekuwa legelege na inang'aa vibaya. Uzi ni akriliki.

Umefuma mstari mmoja vitanzi vya mbele, mmoja vya nyuma, mwanzo mpaka mwisho, sivyo? Ufumaji huo hujikunja, hata uufume kwa mkono wa dhahabu. Kitanzi kikivutwa kutoka nyuma kuja mbele kinabaki na mvuto wa upande mmoja, na ukivipanga vyote vinaangalia upande huo huo, mvuto unajumlishana, pembe za kushoto na kulia zinakimbilia nyuma, juu na chini zinakuja mbele. Vitanzi vikichanganyika mvuto unafutana. Kwahiyo skafu ifume vitanzi vya mbele kila mstari, au kimoja mbele kimoja nyuma, italala yenyewe bila pasi. Kama unapenda ule uso laini katikati, weka vitanzi 5 au 6 vya kuchanganya kila upande na mistari michache juu na chini, inasaidia ingawa ukiwa na skafu pana itabaki na tamaa kidogo ya kujikunja.

Hiyo pasi sasa. Akriliki ni plastiki, joto linailegeza na ikishalegea hairudi kwenye umbo lake, ule mvuto wa kitanzi umekufa. Hiyo skafu ivae kama shali, italala vizuri begani, hilo halina ubaya.

Uzi wa mianzi ni wa asili kweli? Nataka blauzi ya kipindi cha joto.

Unaanzia kwenye mianzi, ila mwingi unaouzwa umepitia kiwandani, mianzi inayeyushwa kwa kemikali halafu inasukumwa kwenye vitundu vidogo inatoka nyuzi, ni familia moja na viskosi, ule uzi unaotengenezwa hivyo hivyo kutoka kwenye miti. Unateremka vizuri mwilini na ni wa baridi, kwa blauzi ni chaguo zuri. Shida ni uzito na kutovutika, kama pamba, kwahiyo usifuate paterni iliyoandikwa kwa sufu ukategemea ukingo wa kiunoni utabana. Hautabana. Fuma ukingo kwa sindano ndogo zaidi, blauzi iwe fupi kidogo kuliko unavyotaka kwa sababu itashuka, na kama umeona uzi wa pamba uliochanganywa na sufu au nailoni kidogo, chukua huo, unarudi ukivutwa.

Nimerithi mfuko mzima wa uzi hauna lebo hata moja. Nitajuaje ni nini?

Kata vipande vya urefu wa kidole, shika kwa kibanio cha chuma juu ya sinki, weka maji karibu, washa ncha. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inawaka kwa kusuasua na ukiitoa kwenye moto mara nyingi inajizima, majivu yake unayafikicha yanakuwa unga. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, inaacha majivu laini ya kijivu. Akriliki inayeyuka, inadondoka, inaacha kidonge kigumu cheusi, na hicho kidonge kinaunguza vibaya kwahiyo usiguse mpaka kipoe. Uzi wa mchanganyiko utakuonyesha tabia mbili kwa pamoja. Kwa unene, chukua uzi unaoujua, upitishe kwenye kitanzi cha huu usioujua uvute pande zote mbili, halafu pitisha vidole kwenye kiungo, tofauti ya unene utaisikia hata kama huioni.

Mimi ni mwanaume, nataka kujifunza kufuma lakini naona aibu kuingia duka la uzi. Nianze na nini?

Karibu sana kaka, ingia tu. Kisiwa cha Taquile kule Peru, kwenye ziwa Titicaca, wanaume ndo wafumaji wa kofia, na kazi zao za nguo UNESCO imeziweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Nunua sindano za milimita 5 za mbao au mianzi, chuma kinateleza sana kwa mkono mpya, na uzi wa sufu wa unene wa kati, rangi ya mwanga. Nyeusi usiguse kwanza, hutaona kitanzi. Wala usichukue ule wenye manyoya mengi hata kama umekuita, ukikosea haufumuliki. Anzisha vitanzi 30, fuma vya mbele tu mpaka mkono uache kukaza, ikitosha skafu ni skafu, ikiishia kitambaa cha kufutia meza nacho kina kazi.

Umeingia uzi unaojibadilisha rangi wenyewe, kwenye donge ni mzuri balaa. Nimeanza nao sweta, tumboni mistari ni myembamba, nilipogawa kwapani ikawa minene ghafla. Nirekebishe vipi?

Huo uzi umepakwa rangi kwa urefu, tuseme mita kadhaa nyekundu halafu mita kadhaa za chungwa, haujui wewe unafuma nini. Tumboni mzunguko mmoja unakula uzi mwingi, rangi inaisha baada ya mizunguko michache. Ukifika kwapani ukagawa mbele na nyuma, kila upande una nusu ya vitanzi, rangi ile ile inatosha mistari maradufu, ndo hicho unachokiona. Na mistari ya mikononi itakuwa minene zaidi maana mikono ni myembamba kuliko mwili.

Njia nzuri ni kutumia madonge mawili kuanzia pale kwapani, mistari miwili donge hili miwili lile, kila moja likiwa limeanzia rangi tofauti, mistari inakuwa midogo tena na inachanganyika na ya tumboni bila kugombana. Kwa mikono, kabla ya kuanzisha vitanzi vuta uzi kutoka kwenye kila donge mpaka ufike mahali rangi inapobadilika, mahali pale pale kwa madonge yote mawili, kata hapo, anza, na uangalie pia yote mawili yanaenda mwelekeo mmoja, nyekundu kwenda chungwa, kwa sababu mengine yamekunjwa kinyume, ukigundua hivyo anza kutoka mwisho wa ndani wa donge. Hivyo vipande ulivyokata usitupe, tumia kwenye ukingo wa shingo.