Kamati imetoka na ndoa mbili ndani, je kura imechakachuliwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha vikoba tuko ndoa 6, yani wanaume 6 na wake zao 6. Juzi tumechagua kamati kwa vikaratasi, wanaume 3 kutoka kopo lao na wanawake 3 kutoka kopo lao, ikatoka mume na mke wake mara mbili. Sasa watu wamenuna, wanasema hiyo sio bahati, wamechakachua. Unasemaje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Naomba sana msivunje kikundi kwa hili, maana hayo matokeo ni ya kawaida kabisa.

Wanaume wakishatoka, wawe wowote wale, angalia kopo la wanawake. Mna vikaratasi 6 na humo 3 ni wake za hao waliopita, nusu nzima ya kopo! Wengi wanawaza kila mume ana nafasi moja kati ya sita ya kuwa na mkewe, ni kweli kama mngetoa karatasi moja, ila nyie mmetoa tatu kwahiyo kila aliyepita mkewe ana nusu kwa nusu ya kuingia.

Tuhesabu sasa. Wanawake 3 kutoka 6 wanaweza kutoka kwa njia 20. Ili zipatikane ndoa 2 kamili lazima watoke wake 2 kati ya wale 3, hizo ni njia 3, halafu mmoja kutoka wale 3 wengine, njia 3 tena, 3 mara 3 ni 9. Tisa kati ya ishirini, asilimia 45. Ndoa moja tu nayo ni 9, ndoa zote tatu ni njia 1.

Na hiyo kamati wanayoitaka walionuna, isiyo na mume na mke hata mmoja? Mwanamke wa kwanza asiwe mke wa aliyepita ni 3/6, wa pili 2/5, wa tatu 1/4, zidisha unapata 1/20. Asilimia 5 tu jamani! Mnamshuku aliyeshika kopo kwa kukosa kitu ambacho ni adimu chenyewe.

Hapo nachukulia karatasi zilichanganywa vizuri na hakuna aliyechungulia. Kama hamtaki ndoa kwenye kamati basi andikeni kwenye katiba yenu kabla ya kura, ila mjue kwa idadi yenu wanaume wakishatoka, wanawake wanaobaki kuruhusiwa ni 3 tu na nafasi ni 3, hakuna kura ya wanawake tena.